Chuo cha Nyegezi: Masomo Yalichaguliwaje?

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: MIZANI, DAFTARI, GAZETI. Nanyi wanafunzi, yasomeni polepole. Maneno hayo yatatuonyesha jinsi chuo kimoja kilivyopata masomo yake.

Ninyi mlioko Ilemela, mkitoka Kirumba au Kayenze, mkaupita mji wa Mwanza na kwenda kusini kando ya ziwa, mtafika Nyegezi. Huko, mahali paitwapo Malimbe, pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Lakini hakikuanza kuwa chuo kikuu. Kilianza mwaka 1960, nacho kilikuwa chuo cha mafunzo ya jamii. Aliyekianzisha ni Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la Mapadri Weupe, aliyekuwa Askofu wa Mwanza.

Mapadri Weupe walikuwa wamefungua misheni Bukumbi, kusini ya Mwanza, tangu mwaka 1883. Basi mtu angedhani kwamba chuo cha askofu kitafundisha dini tu. Haikuwa hivyo. Kufundisha mapadri ni kazi ya seminari. Nyegezi ilifundisha kazi za ustawi wa jamii, uwekaji wa hesabu na uandishi wa habari. Kwa nini?

Tuanze na mizani. Siku zile mali ya Usukuma ilikuwa ng'ombe na pamba. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi. Aliyesoma mizani ni mnunuzi. Mkulima asiyejua tarakimu aliambiwa uzito, akapokea alichopewa. Wakulima wakanung'unika kwamba wanapunjwa. Mwishowe wakaungana, na mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika vikaunda umoja mmoja mkubwa, Paul Bomani akiwa kiongozi wao.

Sasa tutazame daftari. Chama kikishapata mizani yake, nani ataandika hesabu zake? Karani asipojua kazi, fedha zitapotea. Akiijua lakini si mwaminifu, zitapotea upesi zaidi, na mkulima atapunjwa tena, safari hii na mwenziwe. Kwa hiyo palihitajiwa watu wenye mambo mawili pamoja: ujuzi na uaminifu.

Hapa ndipo imani ya Kanisa Katoliki ilipogusana na mpango wa masomo. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13 aliandika barua juu ya wafanyakazi. Alisema mfanyakazi ana haki ya ujira wa kutosha na haki ya kuungana na wenzake. Mwaka 1961 Papa Yohane wa 23 aliandika tena, akataja wakulima na vyama vya ushirika. Mtu akiamini hivyo, hawezi kusema kwamba hesabu ni jambo la duniani lisilomhusu. Hesabu iliyo sawa ni haki ya jirani yake.

Na gazeti? Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Watu wanaojitawala hawana budi kujua mambo ya nchi yao, nao wanahitaji waandishi wasemao kweli.

Mwaka 1998 chuo kilifanywa chuo kikuu, chini ya maaskofu wa Tanzania. Augustino alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria. Aliandika kitabu juu ya Mji wa Mungu, na neno la chuo ni kujenga mji huo. Leo watu wa dini zote husoma hapo, nao hujifunza sheria, biashara, ualimu na mengineyo.

Lakini tuseme kweli: chuo hufundisha wachache. Je, mkulima mwenyewe? Mwaka 1968 Serikali na UNESCO walianza kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya ziwa, Mwanza ikiwamo. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyoeleza pamba, ng'ombe, migomba na uvuvi. Hao hawakuwa maaskofu, lakini waliuliza swali lile lile: tunataka mtu aweze kufanya nini akitoka darasani? Karani mwaminifu ni mwema, lakini ni heri zaidi mkulima awezaye kulisoma daftari la karani.

Kwa hiyo kumbukeni: masomo hayaanguki kutoka mbinguni. Kila somo limechaguliwa na mtu, naye amelichagua kwa sababu ya jambo analoliamini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Kwa nini ujuzi bila uaminifu hautoshi?
2. Nani huandika daftari la chama chenu? Nani hulisoma?
3. Kama mngeanzisha chuo Ilemela, mngechagua masomo gani matatu? Mngeacha lipi?

Kazi ya nyumbani: andika mistari mitano kujibu swali la tatu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.