Manati ya kurushia kamba mtini

Manati kubwa yenye mpini wa mita 2 hivi hutumiwa na wapanda miti kupitisha uzi juu ya tawi lisilofikika kwa mkono. Anayejitengenezea huunganisha panda ya chuma, mipira miwili na kigozi cha kushika kifuko chenye chembe za risasi, takriban gramu 300. Kitako cha mpini hukitwa ardhini, kigozi huvutwa chini, kisha huachiwa. Uzi wa milimita 2 uliofungwa kwenye kifuko hulazwa ndooni bila fundo, maana ukinasa, kifuko humrudia mrushaji. Baadaye uzi huo huvuta kamba ya kupandia. Cha kukaguliwa zaidi ni mipira: jua huikausha, na ufa mdogo penye fundo hutosha kuikata ikiwa imevutwa, ikamchapa mtu jichoni. Miwani ya kinga ni lazima.