Usione Vyaelea

Awatazamaye leo waendesha baiskeli wa Amsterdam, makundi kwa makundi kandokando ya mifereji, hudhani kwamba Waholanzi walizaliwa juu ya tandiko. Wahenga wa pwani walikwisha kutuasa: usione vyaelea, vimeundwa.

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili baiskeli ilikuwa kweli chombo cha kila mtu huko. Lakini baada ya vita neema ilirejea, na magari yakafurika katika mitaa iliyojengwa kwa ajili ya miguu na mashua. Mwaka 1954 mkuu wa polisi wa Amsterdam, Kaasjager, alitoa rai kwamba mifereji ifukiwe ili magari yapate pa kupita. Sisi watu wa visiwani twaujua uzito wa neno hilo. Rai ilikataliwa, lakini magari hayakukoma kuja, na mwenye baiskeli akazidi kusukumwa pembeni.

Gharama ilihesabiwa makaburini. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua Waholanzi zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwaka uliofuata mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye bintiye aligongwa na gari akafa, aliandika makala ya kudai mauaji ya watoto yakomeshwe. Anwani ya makala hiyo ikawa jina la harakati. Wazazi na watoto wakaingia barabarani kudai njia salama. Mwishoni mwa 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaonja utulivu waliousahau.

Hata hivyo mabishano hayakwisha. Katika muongo huo The Hague ilipojenga njia ya majaribio, wenye maduka waliteta wakihofia kupoteza wateja. Ni mji wa Delft, katika miaka ya 1980, uliodhihirisha kwamba njia moja pekee haitoshi: sharti ziunganishwe, mithili ya nyuzi za wavu.

Nasi, katika barabara ambako muuza samaki na mtoto wa shule hugombania upenyo mmoja na daladala, twaulizwa swali lile lile la 1972: tungoje tuzike wangapi ndipo tuunde?