Kushuka kwa Sukari Hakutoshi: Dawa za Miti na Swali la Kasongo

Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti kutoka Kasongo, mashariki mwa Kongo, kuhusu chanjo ya surua. Waandishi wake, timu ya Mradi wa Kasongo uliofanya kazi pamoja na taasisi ya tiba ya nchi za joto ya Antwerp, hawakuridhika kuhesabu watoto walioepuka surua. Walitaka kujua kama watoto hao, wa miezi 7 hadi 35, walibaki hai. Hayo ni maswali mawili tofauti. Tafiti nyingi za dawa za miti kwa ugonjwa wa sukari hujibu swali la aina ya kwanza, yaani kama sukari imeshuka, zikaishia hapo.

Tuchukue mmea wa kongo bololo, unaojulikana sana Kongo kwa uchungu wake. Majani mabichi hutwangwa, hufikichwa katika maji baridi mpaka yatoe povu, kisha maji huchujwa na kutiwa chupani. Panya wa maabara waliopewa dawa ya majani hayo wameshuka sukari mara nyingi. Watafiti wa Lubumbashi nao walichapisha mwaka 2017 majaribio ya mimea tisa inayotumiwa na wagonjwa wa eneo lao. Kazi hiyo ni ya thamani, kwani bila yake tungebaki na masimulizi matupu. Lakini mnyama anayefuatiliwa kwa saa au wiki chache hawezi kutuambia lolote kuhusu macho yanayofifia baada ya miaka kumi, wala ganzi ya nyayo inayomfanya mtu akanyage msumari asijue. Tena, chupa ya leo si chupa ya kesho: majani machanga ya masika na makavu ya kiangazi hayana nguvu moja.

Historia inaonyesha jinsi njia ilivyo ndefu. Florizini ilipatikana katika ganda la mti wa tofaa mwaka 1835, kazi ya wanakemia wa Ubelgiji. Mwaka 1886 mtafiti von Mering alionyesha kwamba inaitoa sukari kupitia mkojo. Hata hivyo, ikimezwa huvunjwa tumboni, hivyo wanakemia walilazimika kuibadilisha umbo. Dapagliflozini, mmoja wa wajukuu wake, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2012. Mwaka 2020 tu ndipo jaribio kubwa lilipothibitisha kwamba inazilinda figo zilizokwisha kudhoofika, hata za watu wasio na kisukari. Metformini nayo, dawa ya kisukari yenye asili katika mmea wa galega, ilitangazwa na daktari Jean Sterne mwaka 1957. Ushahidi kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wanene ulitoka Uingereza mwaka 1998.

Na mti unaweza kuua kiungo kile kile tunachotaka kukiokoa. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels waliripoti wanawake walioharibikiwa figo baada ya kutumia dawa za mitishamba za kupunguza unene. Chanzo kilikuja kujulikana kuwa mmea wa jamii ya Aristolochia. Mwenye kisukari figo zake tayari ziko hatarini. Kwake, neno «asilia» si kinga.

Kwa hiyo napendekeza jaribio lifanyike Kasongo na Kabambare kwenyewe. Watu wazima wanaotumia metformini waendelee nayo wote. Nusu yao waongezewe majani ya kongo bololo yaliyokaushwa na kupimwa uzito, kutoka shamba moja, na nusu wapewe kitu kingine kichungu kisicho dawa. Wapimwe wastani wa sukari ya miezi mitatu, kreatinini (kipimo cha figo), protini katika mkojo, na hisia za nyayo kwa uzi wa nailoni, mwaka baada ya mwaka. Anayemeza pia glibenklamidi afuatiliwe kwa karibu zaidi, maana dawa mbili za kushusha sukari zikikutana mtu anaweza kuzimia usiku. Waganga wa miti wawe washirika tangu siku ya kupanga, na haki yao ya faida iandikwe mapema, kama Itifaki ya Nagoya ya 2010 inavyotaka.

Mtoto ambaye kongosho lake limeacha kutoa insulini asiingizwe kabisa. Kwake hakuna jani lililokwisha kuonyeshwa kuchukua nafasi ya sindano, na siku chache bila insulini zinatosha kumuua.