Sola juu ya paa: Nani alipie nguzo na nyaya jua likiwaka Diani?

KATIKA ukanda wa Pwani ya Kusini, kuanzia Likoni kupitia Ukunda na Diani hadi Msambweni na Lungalunga, jua si bidhaa adimu. Kilicho adimu ni mapatano kuhusu thamani ya umeme unaotokana nalo. Mwenye hoteli au nyumba aliyetandaza paneli za sola hupata, saa sita za mchana, umeme mwingi kuliko anavyohitaji. Ifikapo saa mbili usiku, paneli hizo hazimpi hata uniti moja. Je, ziada ya mchana akiipeleka kwenye nyaya za kampuni ya Kenya Power, alipwe nini? Na mwananchi wa Kinango asiyemudu kununua paneli, je, ataachiwa mzigo wa kugharimia nguzo na nyaya hizo?

Maswali hayo mawili ndiyo kiini cha mjadala unaoendelea katika nchi nyingi, na Kenya sasa ina jibu lake katika sheria. Makala haya yanafafanua jibu hilo, hesabu zake, na maana yake kwa wakazi na wafanyabiashara wa Kaunti ya Kwale.

Sheria inavyosema

Kenya ilianza kuweka bei maalumu za kununua umeme wa kawi safi kutoka kwa wazalishaji binafsi mwaka 2008. Sola iliyounganishwa na gridi iliongezwa katika marekebisho ya mwaka 2010, na mengine yakafuata mwaka 2012. Mpango huo, hata hivyo, uliwalenga wawekezaji wenye mitambo ya kuuza umeme, wala si mwenye nyumba anayetaka kupunguza bili yake. Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi, kilichoweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, kilikuwa miongoni mwa taasisi chache zilizotia saini mkataba wa kuiuzia Kenya Power ziada yake.

Mlango wa mteja wa kawaida ulifunguliwa na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Sheria hiyo inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kufanya makubaliano na kampuni ya kusambaza umeme ili mita ihesabu pande zote mbili: umeme unaoingia kwake kutoka kwenye gridi, na ule unaotoka kwake kwenda kwenye gridi. Kanuni za utekelezaji zilichukua muda. Zilichapishwa mwaka 2024, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Kanuni hizo zina nguzo tatu ambazo kila mwombaji anapaswa kuzifahamu. Kwanza, mteja halipwi pesa taslimu. Hupewa uniti za kufidia zile atakazozitumia baadaye. Pili, si kila uniti aliyoitoa hurudishwa nzima: kwa kila uniti mbili anazozipeleka kwenye gridi, huhesabiwa moja. Tatu, uniti alizojiwekea huhamishwa kutoka bili moja hadi nyingine, lakini zisizotumika hufutwa mwaka wa fedha unapokwisha.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba ya Ukunda inayotumia uniti 300 kwa mwezi, yenye paneli za kilowati 4 na isiyo na betri. Tukikadiria kwamba kila kilowati huzalisha uniti 4 kwa siku, paneli hizo zitatoa uniti 480 kwa siku 30. Mchana, friji, pampu ya maji na feni hutumia uniti 120 moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Uniti 360 zinazobaki huingia kwenye gridi.

Kwa kanuni ya nusu kwa nusu, mwenye nyumba huhesabiwa uniti 180. Mahitaji yake ya usiku ni uniti 180 vilevile. Kwa hiyo, mwezi huo hana uniti ya kulipia. Kama pasingekuwa na mpango wowote, angeokoa zile 120 tu za mchana na kuendelea kununua 180 za usiku. Na kama angehesabiwa uniti kwa uniti, angebaki na akiba ya 180.

Msimu wa masika mambo hubadilika. Mawingu yakipunguza uzalishaji hadi uniti 320, na matumizi yakabaki yale yale, ziada itakuwa 200, nayo itamletea uniti 100. Atalazimika kununua 80. Fundisho la hesabu hii ni kwamba uniti yenye thamani kubwa zaidi ni ile inayotumika papo hapo mwenyewe, kwa kuwa haikatwi nusu. Anayehamisha kazi zake nzito, kama vile kupiga maji, kufua na kupiga pasi, kutoka usiku hadi mchana hufaidika kuliko anayeongeza paneli.

Kilio cha kampuni ya umeme

Wengi huuliza: ikiwa Kenya Power hupokea uniti mbili na kurudisha moja, si huo ni unyonyaji? Mgala muue na haki umpe. Hesabu za kampuni ya umeme hazifanani na za duka la rejareja.

Bei ya uniti moja anayoinunua mteja haihusu umeme peke yake. Ndani yake mna gharama ya mitambo, nyaya za masafa marefu, vituo vya kupunguza nguvu za umeme, transfoma za mitaani, nguzo, mafundi wa dharura na riba za mikopo. Nyingi ya gharama hizo hazipungui mteja apunguzapo matumizi. Nguzo iliyosimama Msambweni hugharimu vilevile hata uniti zinazopita juu yake zikipungua kwa nusu.

Hapa ndipo uamuzi wa mwaka 2018 unapojitokeza. Mwaka huo, ada ya kila mwezi ya Sh150 waliyotozwa wateja wa nyumbani, watumie umeme wasitumie, iliondolewa. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini matokeo yake ni kwamba gharama zisizobadilika sasa hukusanywa kupitia uniti zinazouzwa. Anayenunua uniti sifuri halipii chochote kwa ajili ya waya unaomhudumia usiku kucha.

Isitoshe, Kenya Power imefungwa na mikataba. Mitambo kadhaa hulipwa kwa uwezo wake wa kuzalisha, umeme wake uwe umetumika au la. Mfano unaokumbukwa ni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana wenye megawati 310: mitambo ilikuwa tayari kabla ya laini ya kusafirisha umeme kukamilika mwaka 2018, na fidia ikalazimika kulipwa kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Malalamiko kuhusu mikataba ya aina hiyo ndiyo yaliyosababisha kuundwa kwa jopo la rais chini ya uenyekiti wa Bw John Ngumi mwaka 2021.

Jambo la tatu ni wakati. Mahitaji ya umeme nchini, yaliyopita megawati 2,300 kwa mara ya kwanza mwaka 2025, hufika kileleni jioni, baina ya saa moja na saa tatu usiku, jua likiwa limekwisha kutua. Uniti ya mchana na uniti ya saa mbili usiku zina jina moja lakini gharama zake mbalimbali. Ya mchana huenda ikaikuta mitambo ya mvuke wa Olkaria inafanya kazi na malipo yake yameshapangwa. Ya jioni huenda ikahitaji mtambo wa dizeli uwashwe.

Upande wa pili wa shilingi

Hata hivyo, hoja za kampuni hazimalizi shauri. Pwani iko mbali na mitambo mikuu ya Olkaria na mabwawa ya Mto Tana. Umeme unaosafiri mamia ya kilomita hupungua njiani, na kwa jumla zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaonunuliwa na Kenya Power umekuwa ukipotea katika miaka ya karibuni, kwa sababu za kiufundi na za wizi. Uniti inayozalishwa juu ya paa la Diani na kutumiwa na jirani wa Ukunda haisafiri kupitia Rabai na Galu, wala haipotei njiani.

Aidha, Pwani ndiko iliko mitambo ya mafuta ya Rabai na Kipevu. Kila inapotumika, gharama ya mafuta hujitokeza katika bili ya kila Mkenya. Mchana wa Januari au Februari, hoteli zikiwa zimejaa na viyoyozi vikinguruma, umeme wa paa huja saa ile ile unapohitajika. Kulipa nusu kwa uniti ya saa hiyo kunaweza kuwa kumpunja mteja, kama vile kulipa nzima kwa uniti ya saa isiyo na mahitaji kunavyoweza kuipunja kampuni. Kasoro ya kipimo kimoja kwa saa zote ni kwamba hakitofautishi hali hizo mbili.

Kwale na mambo yake

Pwani ya Kusini ina sifa zinazofanya kanuni hizi zigonge kwa namna yake.

Ya kwanza ni msimu. Watalii hupungua kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wa masika, kisha wengine huanza kuwasili Julai na Agosti. Mwaka wa fedha nchini humalizika Juni 30. Mwenye nyumba ya wageni iliyofungwa miezi hiyo mitatu anaweza kujilimbikizia uniti, zikafutwa siku chache kabla ya wageni kuingia. Anayepanga ukubwa wa mtambo wake hana budi kuliweka jambo hilo mbele, badala ya kudhani kwamba akiba ya msimu mmoja itamfaa msimu mwingine.

Ya pili ni paa lenyewe. Hoteli nyingi za Diani zimeezekwa kwa makuti, ambayo hayafai kubeba paneli: hushika moto kwa urahisi na huhitaji kubadilishwa mara kwa mara. Wenye hoteli hulazimika kutafuta paa la zege, la mabati ya jikoni na bohari, au vibanda vya kuegeshea magari. Chumvi ya bahari nayo hula vyuma na viungio vya nyaya. Fremu na skrubu zinazodumu Nairobi huenda zikaliwa na kutu mapema Galu.

Ya tatu ni wateja wakubwa. Mgodi wa Base Titanium, ulioanza kusafirisha madini mwaka 2014 na kukomesha uchimbaji Desemba 2024, ulihudumiwa na laini ya kilovolti 132. Mteja wa kiwango hicho akiondoka, miundombinu hubaki, na gharama zake hutafuta wengine wa kuzibeba. Hoteli kubwa nazo zikipunguza ununuzi kwa sababu ya sola, orodha ya wabebaji huzidi kuwa fupi.

Ya nne, na ndiyo nzito zaidi, ni wale ambao gridi bado haijawafikia vizuri. Kwale ni miongoni mwa kaunti 14 zilizolengwa na mradi wa serikali wa sola nje ya gridi, KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017. Huko bara ya kaunti, familia inayotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hutozwa bei nafuu. Nafuu hiyo hugharimiwa kwa sehemu na wanaotumia umeme mwingi. Hao wanaotumia umeme mwingi ndio wenye uwezo wa kununua paneli.

Funzo la ng'ambo

Jimbo la California nchini Marekani liliwahesabia wenye sola uniti kwa uniti kwa zaidi ya miaka 20. Mapaa yakajaa paneli. Desemba 2022, wadhibiti waliamua kupunguza malipo hayo kwa takriban robo tatu kwa wateja wapya kuanzia Aprili 2023, wakiwahimiza waweke betri. Pakistan nayo iliagiza paneli kwa wingi mno mwaka 2024, watu wakikimbia bei kali ya gridi. Machi 2025 serikali yake ilipendekeza bei ya kununua ziada ishuke kutoka rupia 27 hadi 10. Nchi hizo mbili zilianza kwa ukarimu, kisha zikakaza kamba. Kenya imeanza kwa tahadhari, na itakuwa rahisi zaidi kwake kuongeza kuliko kupunguza.

Kabla ya kununua

Anayefikiria kujiunga na mpango huu azingatie yafuatayo. Mosi, fundi awe na leseni ya EPRA; kwa mitambo iliyounganishwa na gridi, leseni inayohitajika chini ya kanuni za sola za mwaka 2012 ni ya daraja la T3. Pili, pima matumizi yako ya mchana kwanza, kwa sababu ndiyo yanayoamua ukubwa wa mtambo. Tatu, usidhani kwamba sola iliyounganishwa na gridi itakuokoa stima zikipotea. Mtambo usio na betri hujizima gridi inapozimika, ili usimuue fundi anayetengeneza waya akidhani hauna umeme. Giza la Agosti 25, 2023, lililotanda karibu nchi nzima, halikubagua mapaa ya aina hiyo.

Kwa watunga sera, kazi iliyobaki ni kuitenga bei ya umeme na bei ya waya, na kumlipa mwenye paa kulingana na saa anayotoa umeme wake. Mpaka hilo lifanyike, mwenye hoteli wa Diani ataona anapunjwa, kampuni itaona inakimbiwa, na mama wa Kinango anayewasha taa mbili na kuchaji simu ataendelea kuwa katikati, bila paneli na bila mtetezi.