Kamba ni Moja, Shamba Si Moja

Leo tutazungumza habari za kale za hesabu, lakini tutaanzia shambani. Twaa kalamu na karatasi, kaa karibu na taa, maana mara kwa mara nitakuomba uhesabu pamoja nami.

Katika karne ya 5 baada ya Kristo aliishi Athens mwalimu mmoja wa Kiyunani, jina lake Proclus. Yeye ameandika habari za watu waliogawana ardhi. Baadhi yao walikuwa wajanja. Walimwachia mwenzao shamba lenye mzingo mrefu, yaani lile ambalo ukilizunguka kwa miguu utatembea hatua nyingi, nao wakatwaa lenye mzingo mfupi. Watu wakawasifu: "Tazama waungwana hawa, wamekubali kipunguo!" Kumbe wao ndio waliopata ardhi kubwa zaidi.

Je, yawezekana? Hebu tupime. Shamba la kwanza lina urefu wa hatua 10 na upana wa hatua 1. Mzingo wake ni hatua 22. Shamba la pili lina hatua 5 kila upande. Mzingo wake ni hatua 20 tu. Sasa zidisha urefu kwa upana upate eneo. La kwanza ni 10, la pili ni 25. Aliyepewa mzingo mrefu amepunjwa zaidi ya nusu, naye alikwenda zake akishukuru.

Usidhani kwamba waliodanganyika walikuwa wajinga peke yao. Polybius, mwandishi wa tarehe wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alilalamika kwamba hata viongozi na majemadari walikosea hapo. Alitaja miji miwili ya Uyunani. Mzingo wa Megalopolis ulikuwa vipimo 50 vya Kiyunani, na wa Sparta vipimo 48. Na hata hivyo Sparta ilikuwa kubwa mara mbili. Watu walipoambiwa hivyo hawakusadiki.

Basi swali letu ni hili: ukiwa na kamba moja, ni shamba gani lenye pembe nne za mraba litakalokupa ardhi nyingi kuliko yote? Chukua kamba ya hatua 20. Urefu na upana vikijumlishwa ni 10. Andika:

1 mara 9 ni 9
2 mara 8 ni 16
3 mara 7 ni 21
4 mara 6 ni 24
5 mara 5 ni 25

(Hapa mwalimu alinyamaza kidogo ili wasikilizaji wahesabu.)

Sasa tazama kila jibu limepungukiwa na kiasi gani chini ya 25. Utapata 16, 9, 4, 1, na mwisho si kitu. Hesabu hizo si za kubahatisha. Katika 3 mara 7, kila upande umeachana na 5 kwa 2, na 2 mara 2 ni 4, ndicho kipunguo. Kadiri unavyoiacha nusu, ndivyo unavyotozwa. Na utozwacho ni mraba wa hatua ulizoiacha. Kwa kuwa mraba wa hesabu haupungui chini ya sifuri, hakuna shamba la pembe nne za mraba litakaloshinda 25.

Siri hii ni ya kale sana. Waandishi wa Babeli, karibu miaka 1800 kabla ya Kristo, walichora katika vigae vya udongo maswali ya mashamba ambayo jumla ya pande zake na eneo lake vyajulikana, wakaitafuta kila pande kwa njia ya kutwaa nusu na kuizidisha kwa nafsi yake. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid wa Alexandria katika Misri aliithibitisha kanuni hiyo kwa kuchora mistari na miraba.

Sasa twende Baghdad. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kutoka 813 mpaka 833, alipenda sana elimu. Katika zama zake mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu, na katika jina la kitabu hicho limo neno al-jabr, ambalo kwetu limekuwa aljebra. Alisema amekiandika kwa ajili ya mahitaji ya watu: mirathi, wasia, biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za mirathi kwa sheria ya Kiislamu, jambo ambalo watu wa pwani yetu walijua vema.

Humo mna swali ambalo laonekana kama la shamba letu. Kwa maneno ya leo, x² na 21 ni sawa na 10x. Hakutumia alama kama hizo. Aliandika yote kwa maneno. Fuata njia yake. Twaa nusu ya 10, ni 5. Izidishe kwa nafsi yake, ni 25. Toa 21, imebaki 4. Kipeuo chake cha pili ni 2. Basi toa 2 katika 5 upate 3, au ongeza upate 7. Ndilo shamba letu la 3 kwa 7!

Kisha akaongeza onyo. Kama ule mraba wa nusu ni mdogo kuliko hesabu iliyotajwa, swali halina jibu. Maana yake, mtu akikuambia kwamba kwa kamba ya hatua 20 amezungushia shamba la pembe nne za mraba lenye eneo la 30, huna haja ya kwenda kulipima. Hakuna shamba kama hilo. Hapo hesabu imekuwa shahidi barazani.

Miaka mia nane ikapita. Katika miaka ya 1630, Mfaransa Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alionyesha kwamba penye kilele ukisogea kidogo sana, eneo halibadiliki ila kwa chembe: 4.9 mara 5.1 ni 24.99. Mwaka 1637 Mfaransa mwenzake, Descartes, akachapisha kitabu kinachounganisha aljebra na michoro. Waliowafuata wakakamilisha desturi ya kuchora mistari miwili inayokatana, mmoja wa x na mmoja wa y, na kila nukta ikapata anwani yake.

Kwa njia hiyo hata duara yaweza kuandikwa. Mfunge mbuzi kwenye kigingi kwa kamba ya hatua 5. Mahali afikapo mwisho ni x² + y² = 25. Mche ulio hatua 3 mashariki na 3 kaskazini: 9 na 9 ni 18, haikufika 25, mche huo ataula. Mche ulio hatua 4 na 4: 16 na 16 ni 32, umesalimika. Ulio 3 na 4 ni 25 kamili. Mdomo wake waugusa.

Na ukikuta x² + y² − 6x = 16, usiogope. Nusu ya 6 ni 3, mraba wake ni 9; ongeza 9 pande zote mbili, upate (x − 3)² + y² = 25. Ni duara lile lile. Kigingi kimehamishwa hatua 3 mashariki. Nusu ya al-Khwarizmi imetufaa tena.

Je, twaweza kuishinda 25 kwa kuacha pembe? Naam. Zenodorus, Myunani wa karne ya 2 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kwa mzingo mmoja duara hushinda kila umbo lenye pembe. Kamba yetu ya hatua 20 ikizungushwa duara hufunga eneo la karibu 31.8.

Basi, ndugu yangu, siku mtakapogawana ardhi, asikuridhishe mtu kwa kusema, "Wako una mzingo mrefu." Mwulize urefu, mwulize na upana, kisha zidisha mwenyewe.

Zoezi la juma hili: una kamba ya hatua 28. Eneo kubwa la shamba lenye pembe nne za mraba ni lipi? Na ukitaka lisipungue 40, upana, yaani ubavu mfupi, uwe kati ya ngapi na ngapi? (Majibu: 49; upana kutoka 4 mpaka 7.) Kwa herini.