Filamu mbovu kuliko zote, na jamaa aliyeitengeneza

Nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya majaribio na kazi za makundi. Leo nina stori ya filamu.

Jumamosi usiku tulijazana watu tisa chumba kimoja hapa hosteli, tukaangalia kwenye kompyuta filamu ya Marekani inaitwa Plan 9 from Outer Space. Jamani, mbavu sina hadi leo! Eti watu wa sayari nyingine wanafufua maiti ili kuwatisha binadamu. Makaburi mepesi hayo, mtu akipita yanatikisika. Vyombo vyao vya angani vinaning'inia kwenye nyuzi, na nyuzi unaziona. Tukio ni lile lile, lakini kamera ikigeuka huku mchana, ikigeuka kule usiku!

Katikati ya kicheko mwenzetu mmoja akauliza, "Hivi aliyeitengeneza hii aliishia wapi?" Kimya. Nikaenda kusoma.

Jamaa anaitwa Ed Wood. Alikuwa na urafiki na Bela Lugosi, yule aliyecheza Dracula mwaka 1931, ambaye sasa alikuwa mzee, kafulia, hakuna anayempa kazi. Wood akampa. Lugosi akafariki Agosti 1956, zikiwa zimebaki picha chache tu alizopigwa bila sauti. Wood hakuzitupa, alizijengea filamu nzima! Sehemu zilizobaki akamweka tabibu wa mgongo wa mke wake, mrefu na hafanani kabisa na marehemu, akamwambia ajifunike uso kwa joho. Fedha zilitoka kwa waumini wa kanisa la Baptist, na wao wakataka Wood na baadhi ya waigizaji wabatizwe kwanza. Wakabatizwa. Mtu anayetafuta filamu yake namna hiyo, kwa kweli huwezi kusema hakujali.

Filamu ilipotoka haikuvuma. Iliyoiokoa ni televisheni. Vituo vya Marekani vilihitaji filamu za bei chee za kujazia saa za usiku wa manane, basi vijana wakakua wakiiona na kucheka. Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, wakatoa kitabu The Golden Turkey Awards, na kura za wasomaji zikaipa Plan 9 taji la filamu mbovu kuliko zote. Hapo ndipo watu wakaanza kuitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka 1994 Tim Burton akatengeneza filamu ya maisha ya Wood, ikapata Oscar mbili. Yaani filamu kuhusu mtengeneza filamu mbovu ndiyo ikapata Oscar!

Ila Wood hakuyaona hayo. Alifariki Desemba 1978, miaka 54, mlevi, siku chache baada ya kufukuzwa kwenye nyumba kwa kodi. Miaka miwili tu kabla ya lile taji. Niliposoma hapo kicheko cha Jumamosi kikanikaa kooni.

Nikajiuliza, tulikuwa tunamcheka au tunampenda? Filamu mbovu ziko maelfu na nyingi zinaboa, unazima. Hii miaka yote watu wanairudia. Nadhani ni kwa sababu jamaa hakufanya utani. Aliamini kila neno. Mtu akijifanya mbovu makusudi hachekeshi hivyo.

Na kicheko si lazima kije umeshakufa. Hapo Uganda, mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa vijisenti, helikopta za kompyuta kabisa. Ndani yake akamweka VJ Emmie anayetania filamu yenyewe mwanzo mwisho! Ukicheka, mmeshacheka pamoja. Dunia ikampenda naye yupo hai anaona.

Mimi nasomea ualimu. Karibuni naenda mazoezi ya kufundisha, na najua nitakutana na mtoto atakayesimama mbele ya darasa kusoma insha ya ovyo kwa kujiamini kabisa, darasa zima livunjike mbavu. Siwezi kuwazuia kucheka, hata mimi nitacheka. Ila nitahakikisha anajua siku hiyo hiyo kwamba tunaitaka na ya pili.

Kazi kwenu wadau. Jumamosi ijayo tunarudia Plan 9, atakayekuja aje na karanga.