Musenji mwenye daftari la ukoo

Huku Baraka, ukitaka kumuumiza mutu, umuite musenji: mtu wa pori, asiyejua kitu. Neno lilitoka pwani, "washenzi", likapanda na misafara ya biashara, halafu wakoloni wakawabandika nalo wanakijiji.

Sasa, ndugu wasomi, mnajua kwamba Ulaya Basenji ni jina la heshima? Ni mbwa mdogo wa Kongo, kilo kama 10, mkia umejikunja, na habweki kama wengine. Ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni. Wa kwanza walifika Uingereza 1895, wakafa kwa ugonjwa. Bibi Olivia Burn ndiye alifaulu: mwaka 1937 aliwaonyesha kwenye maonyesho ya Crufts, London, na jina likabaki.

Leo Marekani, Basenji akiachwa na mwenyewe, kuna mashirika ya kumuokoa na kumtafutia nyumba nyingine. Unayemtaka unajaza fomu, unaulizwa maswali. Kwa mbwa!

Lakini mimi mtu wa kilimo naangalia damu. Walizalisha toka mbwa wachache mno, na ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi ukaenea mu ukoo. Damu mpya waliifuata wapi? Zaïre, vijijini, mwaka 1987 na 1988. Mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua tena daftari la ukoo, ikaandika mbwa 14. Hakuna aliyekuja na karatasi. Walikuwa mbwa wa kijiji tu, kama hawa tunaowatupia mawe sokoni.